Mheshimiwa wa Kuigiza

Siku kura ilipomwangukia, Mize Sufiani alirudi bwenini, akajifungia chooni, akatapika chai yote aliyokunywa asubuhi.

Hakuwa mgonjwa. Darasani, Dokta Vedasto, mwalimu wa somo la uongozi, alikuwa amepitisha kofia yake yenye vikaratasi na kila mwanafunzi akachomoa kimoja. Clara, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, alipata ukatibu. Oscar, kijana mrefu wa viti vya nyuma mwenye kupenda kuchekesha, alipata kuwa mwekezaji. Mize alikunjua chake akakuta kimeandikwa: Mkuu wa Wilaya.

Mwingine angefurahi. Mize alikuwa binti wa fundi cherehani wa Dunda, pale Bagamoyo, na tangu madrasa alijulikana kwa jambo moja: akiitwa kusoma mbele ya wenzake, sauti humtoroka. Ustadhi alimwonea huruma akawa anamsikiliza peke yake barazani. Chuoni, mwaka wa tatu sasa, hakuwahi kunyoosha mkono hata kuomba ruhusa ya kutoka. Aliogopa macho ya watu kama wengine wanavyoogopa nyoka.

Dokta Vedasto hakuamini kwamba uongozi unafundishika ubaoni. "Hakuna aliyejua kuogelea kwa kusomewa habari za maji," ndivyo alivyozoea kusema. Muhula mzima wakawa wanaigiza: leo mgomo wa wauguzi, kesho kivuko kimezama, wiki ijayo njaa imeingia mkoani na ghala lina magunia ya siku nne. Alikuwa na sharti moja tu. Anayetoka kwenye nafasi yake kabla mwalimu hajapuliza filimbi, amepata sifuri, na maigizo yalibeba alama arobaini katika mia.

Igizo la mwisho, hilo la vikaratasi vya kofiani, lilikuwa la nje ya chuo. Dokta alikuwa amezungumza na mwenyekiti wa kitongoji cha Mivinjeni, ukipita Kerege ukakata upande wa baharini, ampatie watu thelathini wa kuigiza wananchi wenye malalamiko ya ardhi. Mwekezaji anataka mashamba yao ajenge hoteli, na mkuu wa wilaya amekuja kuwasikiliza. Wilaya yenyewe aliitunga, akaiita Mwambao. Kila mwanakijiji angepewa karatasi yenye jina la kubuni na lalamiko la kubuni.

Jumatano hiyo kosta ya chuo ilitoka Dar es Salaam saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wanafunzi kumi na wawili ndani. Simu zote zilikusanywa kwenye begi la Dokta. Mize alivaa suti ya kitenge aliyoazimwa na shangazi yake, na kifuani akabandikwa kadi yenye maandishi makubwa: MKUU WA WILAYA. Njia nzima alikuwa akirudia moyoni sentensi ya kwanza. Ndugu wananchi, nimekuja kuwasikiliza. Kila akifika kwenye "nimekuja", ulimi ulikuwa unamkauka.

Walipofika kwenye uwanja wa shule ya Mivinjeni, wote walisogea madirishani. Pale walipotegemea watu thelathini, chini ya turubai na nje ya turubai walikuwapo zaidi ya mia mbili. Kina mama waliketi mikekani, wazee kwenye madawati yaliyotolewa madarasani, na vijana walisimama nyuma wamefunga mikono.

"Kumbe watu wa huku wanapenda maigizo," alisema Dokta Vedasto, nusu amefurahi, nusu anajikuna kichwa. Alimuuliza mjumbe wao, Mzee Dadi, mwenyekiti yuko wapi. Mzee Dadi akasema mwenyekiti amepata msiba Chalinze tangu jana, ila alipiga simu, na maagizo yote yametekelezwa. Dokta hakuuliza maagizo gani. Kilichomsumbua ni chakula, maana alikuwa ameagiza sahani hamsini pale Kerege.

"Anzeni," aliwaambia wanafunzi wake. "Mimi nakwenda kuongeza chakula. Nusu saa nimerudi." Akaondoka na kosta, begi la simu likiwa kwenye kiti cha mbele na filimbi ikining'inia shingoni mwake.

Mzee Dadi alimwendea Mize, akainama kidogo. "Mheshimiwa, karibu sana Mivinjeni. Tumekungoja muda mrefu."

"Shikamoo," Mize alisema kwa mazoea.

Mzee alisitasita, kana kwamba hakutegemea mkubwa wa serikali amwamkie. "Marahaba, mheshimiwa. Marahaba."

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe. Mize akakaa katikati, Clara kulia kwake na daftari, Oscar kushoto, na kofia ngumu ya ujenzi kichwani na ramani iliyoviringishwa mkononi. Wenzao wengine, waandishi na madiwani, walikaa kwenye benchi nyuma. Mize alisimama. Akashika ukingo wa meza. Sentensi yake ilitoka nyembamba kama uzi, lakini ilitoka. Watu walimsikiliza kwa utulivu uliomtisha kuliko kelele.

Msemaji wa kwanza alieleza habari za mikorosho iliyokatwa, wa pili njia ya kwenda pwani iliyozibwa. Mize akawa anastaajabu moyoni jinsi watu hawa wasiosomea maigizo wanavyoigiza. Wa tatu akataja tarehe, akataja namba ya gari lililokuja na wapimaji, akataja jina la mtoto aliyevunjika mguu akilikimbia. Clara aliacha kuandika kidogo, akamwinamia.

"Mize, huyu simwoni kwenye orodha. Hata wale wawili wa kwanza hawamo."

"Labda wamebadilishana karatasi."

"Karatasi ziko kwenye bahasha, Mize. Hazijagawiwa."

Mize aliitazama bahasha ya kaki pale mezani, imefungwa kwa gundi kama ilivyotoka chuoni.

Wakati huo mwanamke mmoja mzee alikuwa amekwishafika mbele, akishikwa mkono na kijana wa miaka thelathini hivi. Aliitwa Bi Dija, na kijana alikuwa mwanawe, Masoud. Bi Dija alifungua mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo matatu, akatoa karatasi iliyoiva rangi kama jani kavu, imetoboka kwenye mikunjo. Ilikuwa barua ya serikali ya kijiji ya kumgawia mumewe shamba, mwaka 1978. Aliiweka mbele ya Mize kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, mwanangu," alisema, "mume wangu nimemzika ndani ya shamba hili. Ijumaa iliyopita nimekwenda kumsomea, nimekuta wamechimbia jiwe lao la mpaka miguuni pake. Nimekaa pale nikalia mpaka adhuhuri. Sijamwambia mtu nilivyolia, hata huyu mwanangu. Nakwambia wewe kwa sababu wewe ndiye serikali."

Akalia pale pale, bila kujifunika uso, na kina mama wa mikekani wakaanza kulia naye.

Mize aliigusa ile karatasi kwa ncha ya kidole. Ilinuka unyevu na karafuu. Hakuna chuo kilichochapa karatasi ile. Akageuka kuitazama barabara, na barabara ilikuwa tupu. Nusu saa ilikuwa imepita zamani. Hakujua, wala asingeweza kujua, kwamba kosta ilikuwa imezama kwenye mchanga upande wa huku wa Kerege, na Dokta yuko chini ya gurudumu la nyuma akichimba kwa sahani ya bati.

Oscar hakuwa amesikia minong'ono yao. Karatasi ya nafasi yake ilimwagiza kwamba wananchi wakianza kulia, asimame aseme maneno makali. Akasimama. Akaikunjua ramani, akaivuta kofia nyuma kidogo, akasema kwa sauti ya kibabe aliyoifanyia mazoezi wiki nzima bwenini, "Machozi hayajengi nchi. Mtahama kwa hiari, au mtahama kwa tingatinga."

Kisha vijana wa nyuma wakaja mbele kama maji yaliyovunja tuta.

Meza ilisukumwa. Kofia ya Oscar iliruka, ikakanyagwa. Mtu alimkamata kola, mwingine mkono. "Ndiye huyu," sauti ilisema. "Ndiye mwenye mawe." Oscar alikuwa akisema, "Jamani, mimi, jamani, mimi," na hakuwa na neno la tatu. Masoud alipenya katikati yao akiwa amebeba jiwe la mpaka, la zege, lenye namba nyekundu ubavuni na udongo mbichi chini. Akalitua mezani mbele ya Mize, na miguu ya meza ikalia.

"Hili nimeling'oa miguuni pa baba yangu," alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Mize zaidi. "Yako mengine thelathini na nane. Tumeambiwa atakayeyagusa atafungwa. Sasa mkubwa uko hapa. Tamka neno moja tu, mheshimiwa. Sema ng'oeni. Sasa hivi tunakwenda kuyang'oa, na askari wakija tutawaambia ni amri yako."

"Sema," watu walidakia. "Sema, mama. Sema ng'oeni."

Neno lile lilikuwa jepesi, silabi tatu. Mize akilitamka, Oscar ataachiwa, watu watapiga vigelegele na kukimbilia mashambani, na wao watatembea kwa miguu mpaka Kerege wakiwa wazima. Hata alama zake zitakuwa salama, kwa kuwa hatakuwa ametoka kwenye nafasi yake. Alifungua kinywa alitamke. Alikuwa na hakika baadaye kwamba alikuwa analitamka, maana hofu ilikuwa imekwishaamua kwa niaba yake. Kilichomzuia ni kumwona Masoud amekwishageuka nusu, tayari kwenda, na mama yake amemshika shati akimwambia, "Ngoja kwanza aseme mwenyewe." Kijana huyu atafungwa, Mize aliwaza. Atasema amri ya mkuu wa wilaya, na askari watamuuliza, mkuu wa wilaya yupi.

Akaibandua kadi kifuani.

"Mimi si mkuu wa wilaya," alisema.

Hakusikika. Akasema tena, na safari hii sauti ilimtoka kubwa na mbaya, kama ya mtu anayeita kisimani. "Mimi si mkuu wa wilaya. Mimi ni mwanafunzi. Sisi wote hapa ni wanafunzi wa chuo, tumekuja kuigiza. Huyu mnayemshika anaitwa Oscar, hana hoteli, hana hata baiskeli. Mwalimu wetu aliomba watu wa kuigiza nasi, hakujua mmeambiwa nini. Msing'oe mawe kwa neno langu. Neno langu halina kitu. Mtafungwa."

Mahali fulani mtoto mchanga alikuwa akinyonya, na Mize aliisikia ile sauti ya kunyonya.

Bi Dija ndiye aliyesema kwanza. "Unaitwa nani?"

"Mize, mama. Mize binti Sufiani. Wa Dunda."

"Dunda, hapo Bagamoyo." Bi Dija alitikisa kichwa polepole. "Mtoto wa watu kabisa. Nimelilia kaburi la mume wangu mbele ya watoto wanaocheza."

Aliichukua barua yake, akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile, akairudisha kwenye mfuko. Mize alitamani wampige kuliko kuiona mikono ile ikifunga mafundo matatu.

Kelele zikalipuka. Matapeli. Wapelelezi. Mwingine akasema wafungwe kamba wote. Mzee Dadi alisimama mlangoni mwa darasa la pili akawa anawasukuma wanafunzi waingie, na hakuna aliyejua kama anawafungia au anawaokoa. Mlango ukapigwa komeo kwa nje.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya chaki. Msichana mmoja alikuwa akisali rozari kwa vidole, bila rozari. Oscar alikaa sakafuni, shati limechanika begani, akihangaika na kifungo kisichofungika.

"Ungewaambia tu waende wakang'oe," alimwambia Mize. "Sasa hivi tungekuwa njiani."

Mize alikuwa amebana mgongo ukutani, akihesabu nondo za dirisha, akianza upya kila alipofika ya saba. Nje walikuwa wakibishana. Alisikia neno petroli, na mtu akilikemea. Alisikia Mzee Dadi akijitetea kwamba simu ya mwenyekiti ilikuwa inakatikakatika, alichosikia ni "mkuu wa wilaya" na "ardhi" na "Jumatano", basi akapita nyumba kwa nyumba. Kama Dokta asingerudi? Kama wangengoja jua lizame? Mkojo ulimbana, akabana mapaja.

Uso wa Masoud ukatokea dirishani.

"Daftari," alisema. "Kila kitu mlichoandika. Leteni."

Clara alilikumbatia. "Ni kazi yetu ya darasa," alisema.

"Wamekuja watu hapa mara mbili na madaftari," Masoud alisema. "Wakatuandika majina, wakasema ni sensa ya mikorosho. Baadaye tunaonyeshwa majina yale yale, tunaambiwa tulikubali kuhama. Leteni daftari, au mlango huu sitauzuia mimi."

Mize alimwendea Clara. Alinyoosha mkono, na Clara baada ya kumwangalia usoni akaliachia. Mize alilipitisha katikati ya nondo.

Nje, walianza kulipekua. Mwandiko wa Clara ulikuwa wa haraka, wenye vifupisho, na waliojaribu kuusoma walikwama. Watu wakazidi kuwa na wasiwasi, wakitaka kujua wameandikwa nini. Ndipo Bi Dija aliposema, "Mtoeni yule wa Dunda aje asome. Peke yake."

Komeo likafunguliwa. Mize alitoka kwenye jua, mbele ya watu mia mbili waliomchukia, naye hakuwa na kadi wala meza ya kushika. Akapewa daftari. Mistari ilimchezea machoni. Alianza kusoma lalamiko la kwanza, la mikorosho, na sauti ikamkatika katikati. Akaanza tena. Mtu akasema, "Si arobaini, ni arobaini na miwili." Mize akaomba kalamu, akasahihisha, akasoma tena palipokuwa na kosa, akangoja aliyesema aitikie. Akaenda la pili. La tatu. Hofu haikumtoka hata kidogo. Ilikaa naye pale pale tumboni kama jiwe, ila alikuwa na kazi ya kufanya, na ukurasa mmoja ulikuwa ukifuata mwingine. Alipofika kwa Bi Dija alisoma polepole, kisha akanyanyua macho.

"Ulisema jiwe liko miguuni, mama, au kichwani?"

"Miguuni."

"Imeandikwa hivyo."

Kosta ilikuja wakati anamalizia hilo la mwisho, imejaa masufuria ya wali. Dokta Vedasto alishuka akiwa na mchanga mpaka kwenye nyusi. Filimbi bado ilikuwa shingoni. Aliutazama umati, akamtazama mwanafunzi wake amesimama peke yake mlangoni mwa darasa, akavua kofia. Masoud alimuuliza swali moja tu: alikuwa anajua kwamba Mivinjeni kuna mgogoro wa kweli?

"Nilisikia kuna mawe," alisema Dokta. "Nikaona litakuwa igizo lenye uhai."

Hakuna aliyemgusa. Wangempiga, labda ingekuwa nafuu kwake. Waliwafungulia wanafunzi, na Masoud akalichukua daftari, akalitia kwapani. Masufuria ya wali yalirudi kwenye kosta kama yalivyokuja, na mpaka Dar es Salaam hakuna hata mmoja kati yao aliyeonja.

Igizo lile lilifutwa kwenye alama. Dokta aliandika barua ya kuomba radhi, uongozi wa chuo ukamwita, na kwa wiki mbili somo likafundishwa ubaoni. Mize hakupata usingizi mzuri. Akisikia watu wengi wanaongea kwa pamoja, hata kwenye foleni ya chakula, aligeuka akaondoka.

Jumamosi ya tatu alimshawishi Clara, wakapanda gari mpaka Kerege, kisha bodaboda. Njia yote alikuwa akitamani bodaboda ipate pancha. Walimkuta Bi Dija uani kwake akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama," alisema Mize.

Ungo ulipanda na kushuka mara nyingi kabla hajajibiwa.

"Marahaba."

Hakuwakaribisha ndani, ila hakuwafukuza. Mize aliomba radhi, maneno machache. Bi Dija aliendelea kuchagua chuya. Alisema daftari wamelinakilisha na kulipeleka kwenye ofisi ya ardhi, wameambiwa warudi mwezi ujao. Masoud aliitwa kituoni kuulizwa habari za lile jiwe moja, akarudi jioni yake.

"Siku ile uliogopa sana," alisema Bi Dija. "Nilikuona. Suti yote ilikuwa inatikisika."

"Bado naogopa, mama. Kuja hapa nimeogopa."

Bi Dija aliweka ungo chini. Alitazama upande wa mashamba, na kwa mara ya kwanza Mize aliona kwamba mikono ya bibi huyu haijatulia, na labda haikutulia hata siku ile ya barua.

"Mimi nikisikia gari kubwa barabarani natoka nje na kanga moja," alisema. "Hata liwe la mchanga." Akasogea kidogo kwenye mkeka, akawaachia nafasi ya kukaa watu wawili.

Walikaa. Mbali, upande wa Kerege, injini ilikuwa ikinguruma, na wote watatu wakanyamaza kusikiliza inaelekea wapi.